Fungasha kurasa, si vifaa: maandalizi ya kambi ya albamu kutoka Tanga hadi Bagamoyo

Mara ya kwanza nilipokwenda Bagamoyo kwenye kambi ya albamu nilibeba mabegi matatu. Nilikuwa na karatasi za kila rangi, mikasi minne, riboni, gundi za aina tano, na picha za ukoo mzima zimeshindiliwa kwenye bahasha moja ya kaki. Ijumaa usiku nikachambua picha. Jumamosi kutwa nikachambua picha. Jumapili mchana wenzangu wanafunga virago, mimi nina kurasa 2. Siku hizi natoka na begi moja na boksi moja, narudi na kurasa 12 zimekamilika, kwa sababu nafungasha kurasa, sifungashi vifaa. Nitaeleza ninavyofanya, hatua moja moja.

Kwa ambaye hajaizoea kazi hii: albamu ya kumbukumbu, wengine huiita skrapubuku, ni ile ambayo picha inabandikwa kwenye karatasi nzito pamoja na maelezo ya mkono, kadi ya mwaliko, tiketi, hata kipande cha kitambaa. Kambi ni pale wanaoipenda kazi hii wanapotoka majumbani mwao, wakakodi vyumba vya wageni siku tatu na kukaa meza moja wakibandika mpaka usiku. Sisi tuko 7, wote wa Tanga, na tunakwenda Bagamoyo kwa sababu huko hakuna wa kutuita jikoni.

Hatua ya 1: Panga wakati, uliza meza

Adui wa kazi hii ukanda wetu wa pwani ni unyevu. Usipange kambi wakati wa masika, Machi hadi Mei. Karatasi inajikunja, gundi haikauki, picha zinalainika. Sisi tunakwenda Julai, kusi inavuma na hewa ina ubaridi kidogo.

Kabla ya kulipia chumba piga simu uulize mambo manne. Kuna meza ya kutosha kila mtu apate karibu mita moja? Kuna soketi karibu na meza? Taa ya chumba ni nyeupe au ile ya njano hafifu? Na meza ikae wapi, ukumbini au barazani? Baraza inayotazama bahari ni nzuri kwa chai, lakini upepo wenye chumvi haufai karatasi. Chagua ndani.

Hatua ya 2: Kaa na wazee kabla ya kugusa mkasi

Hii naifanya mwezi mzima kabla, na ndiyo hatua ninayoiomba sana usiiruke. Albamu isiyo na majina ni picha za watu wasiojulikana, na majina yako kwa bibi, kwa mama mkubwa, kwa mzee wa jirani, hayako kwenye meza ya Bagamoyo.

Chukua picha zako uende nazo Ngamiani, au popote wazee wako walipo, alasiri wakati wamepumzika. Weka simu irekodi sauti, kwa ruhusa yao. Usiulize “hii ni mwaka gani?” Wengi hawakumbuki mwaka. Uliza vitu vinavyoonekana kwenye picha. Nina picha ya bibi yangu mzaa mama amesimama mlangoni, nikamuuliza lini, akasema hajui. Nikamuuliza kuhusu kanga aliyojitanda. Akaisogeza picha karibu na jicho, akapitisha ukucha kwenye pindo, akasema, “Hii niliinunua namnyonyesha mama yako, hajaota meno.” Nikapata mwaka, na nikapata maelezo ambayo nisingeyatunga mwenyewe.

Andika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, 2B, bila kukandamiza, picha ikiwa imelala kwenye kitu kigumu. Kalamu ya kawaida huacha mchirizi unaojitokeza upande wa uso, na wino wake unaweza kuhamia kwenye picha ya jirani.

Hatua ya 3: Za asili zibaki nyumbani

Picha yoyote ambayo hakuna nyingine kama hiyo, usisafiri nayo. Iskani au ipige kwa simu kwenye mwanga wa dirishani, pasipo jua la moja kwa moja, kisha uichapishe studio kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Peleka nakala kambini. Omba zichapwe kwenye karatasi ya picha halisi. Zile za printa ya wino wa maji hutoa rangi tone la jasho likidondoka.

Makala ya gazeti nayo ifanyie hivyo hivyo. Karatasi ya gazeti ina lignini, ile dutu ya mti inayoifanya iwe njano na kukatika, na uchachu wake huchafua chochote inachogusana nacho. Itoe kopi kwenye karatasi nyeupe nzuri, ya asili iache kwenye faili lake.

Kwa nini nakazania hili? Uso wa picha ya zamani umepakwa jelatini. Ikipata unyevu inalainika na kunata kama gundi. Mwaka mmoja konda alinitoa begi mikononi akaliweka kwenye buti, juu ya boksi la samaki waliofungwa na barafu. Tulipofika barafu ilikuwa imeyeyuka. Picha mbili za bibi zilikuwa zimelaliana uso kwa uso. Nilizitenganisha taratibu, sentimita kwa sentimita, na shavu lake la kushoto likabaki kwenye picha ya pili. Pale paliponyofoka palibaki karatasi nyeupe, ukubwa wa punje ya hindi. Picha ile haina nakala. Ninayo mpaka leo.

Hatua ya 4: Tengeneza vifurushi vya kurasa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na inafanyika nyumbani, sakafuni, siku mbili au tatu kabla ya safari.

Hesabu kwanza. Mtu mpya apange kurasa 8, mzoefu 12. Ukurasa mmoja hubeba picha 2 mpaka 4, kwa hiyo kurasa 12 hazihitaji zaidi ya picha 48. Ukibeba 200, utarudi kule kwenye kuchambua.

Chukua bahasha za A4, moja kwa kila ukurasa. Juu ya bahasha andika kichwa, kwa mfano “Babu mkongeni”. Ndani weka picha zake tu, karatasi ya chini tayari imekatwa, vipande viwili vya karatasi ya rangi vya kuwekea picha mgongo, na kikaratasi chenye maelezo uliyoyapata kwa wazee. Kama kuna tiketi au kadi, nayo iingie humo. Kisha panga picha juu ya ukurasa bila kubandika, ukiridhika zipige kwa simu. Ukifika kambini unafungua bahasha, unatazama simu, unabandika. Nguvu yako yote inabaki kwa ajili ya kuandika.

Bahasha ya babu yangu nimeitaja kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kupunguza. Babu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, zao lililoletwa Tanga mwaka 1893 na kuijenga nusu ya maisha ya mkoa huu. Nilikuwa na picha zake 9. Niliweka 2: moja amesimama kati ya mistari ya mkonge na panga lake, nyingine mikono yake tu, akiwa mzee, imelala magotini. Zile 7 zimebaki kwenye boksi, na ukurasa ule ndio watu wanaosimama kuutazama.

Funga bahasha zote kwa uzi wa katani. Sisi wa Tanga hatuna sababu ya kununua riboni. Ila katani isiguse uso wa picha, nyuzi zake zinakwaruza.

Kanga ya marehemu au ya harusi inapendeza sana ukurasani. Kata kipande kidogo cha pindo, au lile jina lake zima kama kanga imeshachakaa. Ijaribu kwanza: lowesha pamba nyeupe, sugua. Pamba ikishika rangi, ifue na uianike mpaka iache kutoa.

Hatua ya 5: Karatasi, gundi na kalamu

Wamarekani hutumia zaidi karatasi ya mraba ya inchi 12 kwa 12. Ni nzuri, lakini kwetu kuipata ni shida na kuibeba ni shida ya pili. Mimi natumia A4, kwa sababu bahasha, mafaili na maboksi yetu yote ni ya kipimo hicho. Karatasi moja ya manila ya A1 inatoa A4 nane kamili bila kubakiza. Tafuta nzito, gramu 200 au zaidi, na kama muuzaji anayo isiyo na asidi, chukua hiyo hata kama bei imezidi.

Kwa picha, gundi bora ya safari ni tepu ya pande mbili. Haimwagiki na haiikunji karatasi. Roli 2 zinatosha kurasa 12. Gundi ya kijiti ibebe moja kwa karatasi juu ya karatasi. Gundi nyeupe ya maji ni ya kitambaa tu. Ikaze kifuniko, izungushie selotepu, iweke kwenye kopo imesimama. Epuka albamu zile za kurasa zenye kunata tayari zilizofunikwa plastiki. Picha huganda humo zisitoke tena. Wazo lenyewe ni la kale, mwandishi Mark Twain alipata hataza mwaka 1873 ya daftari lenye gundi kavu kurasani, unalowesha kidogo tu na kubandika. Kwa unyevu wa pwani yetu nadhani daftari hilo lingejifunga lenyewe kabla hujaliandika.

Plastiki za kuhifadhia kurasa zinuse. Zikiwa na ile harufu kali ya pazia jipya la bafuni, ni PVC, ziache dukani. Chukua za polipropilini, hazina harufu.

Kalamu beba mbili nyeusi za wino usiofutika. Andika neno, subiri dakika tano, pitisha kidole kilicholowa. Likitawanyika, hiyo ni kalamu ya sokoni, si ya albamu.

Hatua ya 6: Begi la zana

Mkasi mmoja mkali, kisu cha kukatia karatasi na wembe wa akiba, rula ya chuma ya sentimita 30, penseli, ufutio, kadibodi nene ya kukatia juu yake. Kitambaa laini cha kufutia mikono. Ekstensheni moja kwa watu watatu, pawabanki iliyojaa, na tochi ya kuvaa kichwani kwa sababu umeme ukikatika saa mbili usiku hutataka kulala.

Beba pia vipande vinne vya marumaru vilivyobaki fundi alipomaliza sakafu. Feni ya dari itapeperusha kila kitu, na marumaru ndiyo yanayokilaza. Hata ukurasa uliotoka kubandikwa unakandamizwa nayo.

Vibandiko vya maua, pambo la kumetameta, stempu: chagua kimoja.

Hatua ya 7: Boksi na njia

Omba dukani boksi tupu la rimu za karatasi. Limetengenezwa kwa A4, lina kifuniko, na ni gumu. Tandika kanga chini, panga bahasha zimelala, albamu juu, na pembeni tia vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Funika kwa kanga ya pili. Boksi zima lizungushie turubai jepesi au koti la mvua. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee mfuko wa njiani.

Kutoka stendi ya Kange tunapanda basi la asubuhi, tunashuka Msata, tunachukua gari la Bagamoyo. Begi la zana linaweza kwenda kwenye buti. Boksi unalipakata. Konda akikwambia kuna nafasi nyuma, mjibu kwa upole, “Ahsante kaka, hili nalipakata,” na usiliachie.

Hatua ya 8: Ukifika, na siku ya kurudi

Usifungue boksi papo hapo ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Liache saa nzima lizoee joto la chumba, la sivyo ukungu wa maji utashika kwenye picha. Chai na vitumbua viwe na meza yake, mbali. Kidole chenye mafuta hakionekani leo, ila alama yake huja kujitokeza baadaye.

Kati ya bahasha 12, moja yangu huwa tupu, imeandikwa “Bagamoyo” na mwaka. Jumamosi alasiri tunaacha meza, tunatembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo kupiga picha milango ya nakshi, au tunakwenda magofu ya Kaole, penye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara. Tunachapisha studio jioni ile ile, na ukurasa huo tunaumalizia pamoja, kila mmoja akiandika mstari wake kwenye albamu za wenzake.

Jumapili acha kubandika saa tatu asubuhi ili gundi ipate muda. Kurasa zenye kitambaa na gundi ya maji ziweke juu kabisa kwenye boksi, na kati ya kila ukurasa weka karatasi ya kuokea mikate. Ukifika nyumbani zitoe usiku huo huo, zisilale boksini.