Ukianzisha chama cha watu wa makumbusho, mtafute katibu kwanza

Wenzangu mlio kwenye makumbusho ya wilaya, ya shule na ya jamii mnaniuliza namna ya kuanzisha chama chetu, na swali la kwanza siku zote ni hilo hilo: mwenyekiti awe nani? Nimekaa na muhuri na kitabu cha muhtasari cha chama cha namna hiyo kwa miaka, na jibu langu halijabadilika. Mtafuteni katibu. Mwenyekiti atapatikana.

Tazameni waliotutangulia. Chama cha makumbusho cha Uingereza, kikongwe kuliko vyote, kilizaliwa York mwaka 1889. Mwaka uliofuata kikakutana Liverpool, rais wake akiwa mchungaji Henry Higgins wa mji huo huo. Kisha marais wakawa wanapokezana na mkutano unahama: Cambridge, Manchester, London, Dublin. Elijah Howarth wa makumbusho ya Sheffield ndiye aliyeshika kazi ya ukatibu miaka nenda miaka rudi, na jarida la chama lilipoanza mwaka 1901 akalihariri yeye. ICOM nayo, shirika la makumbusho la kimataifa lililoundwa Paris mwaka 1946, ilianza na rais Chauncey Hamlin, mwanasheria wa Buffalo, Marekani. Lakini ofisi ilikuwa mikononi mwa Georges Henri Rivière, mkurugenzi wake tangu 1948 hadi 1965. Marais watatu walipita yeye akiwa pale pale: Hamlin, Georges Salles, Philip Hendy.

Basi huyo katibu mtamjuaje? Msimpime kwa ufasaha wa kusema. Ombeni kuona daftari lake la kupokelea vitu. Chungu kimeletwa: je, ameandika nani amekitoa, kijiji gani, tarehe ngapi, na kwamba mdomo una ufa upande mmoja? Au ameandika "chungu, 1" akaenda kunywa chai? Anayeandika ule ufa ndiye mtu wenu, hata kama ni kijana wa stoo asiye na cheo.

Mkimpata, mkalisheni na kitabu cha muhtasari kabla ya mkutano wa kwanza. Hapa ndipo vyama vingi vinapofia. Sentensi kama "Ilikubaliwa kwamba suala la mafunzo lifuatiliwe" haimfungi mtu yeyote. Aandike hivi: "Makamu aandike barua kwa mkuu wa chuo kuomba nafasi mbili za mafunzo ya kuhifadhi mbao, kabla ya tarehe 15 Machi, nakala kwa katibu." Jina la cheo, kazi, tarehe, nakala. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma mstari huo kwa sauti, na makamu ajibu. Nawahakikishia, watu wakijua watasomewa, barua zinaandikwa.

Sasa mwenyekiti. Mchagueni anayeheshimika nje ya jengo lenu, mwenye uwezo wa kumwona mkurugenzi wa halmashauri bila kusubiri wiki tatu, na mumwekee muhula kwenye katiba. Msimpe bosi wa makumbusho makubwa kwa sababu tu ni bosi. Siku akihamishwa, chama kinaondoka kwenye begi lake. Wala si lazima akae mji mmoja na ofisi. AFRICOM, baraza la makumbusho ya Afrika, lilipoanza rais wa kwanza alikuwa Shaje'a Tshiluila wa Kongo, na ofisi ikawa Nairobi chini ya Lorna Abungu.

Tena msiogope mkubwa wenu akiitwa kwingine. Alpha Oumar Konaré wa Mali, Mwafrika wa kwanza kuiongoza ICOM, alichaguliwa mwaka 1989, na kufikia 1992 alikuwa rais wa nchi yake. Mikutano iliyofanyika wakati wake mwaka 1991, Benin, Ghana na Togo, kuhusu makumbusho ya bara hili haikupotea. Wengine waliibeba kazi hiyo mpaka Lusaka, mwaka 1999, AFRICOM ikawa chama kamili. Kwa hiyo makamu apewe kazi yake tangu siku ya kwanza, asikae kungoja mwenyekiti augue.

Mweka hazina: risiti siku ile ile, sahihi mbili benki, na ada isiingie kwenye simu ya mtu binafsi hata kwa usiku mmoja.

Uchaguzi ukija, makabidhiano yafanyike mbele ya wanachama. Mezani pawekwe muhuri, kitabu cha muhtasari, kitabu cha risiti, orodha ya wanachama na namba zao, na nywila ya barua pepe ya chama. Anayeingia atie sahihi kwa kila kimoja, na mkutano usifungwe kabla hajaijaribu hiyo nywila pale pale ikafungua.