Kabla ya kuondoa nywele mwilini, amua unataka zirudi lini

Wateja wengi huanza kwa kuuliza njia isiyouma. Mimi huwauliza zirudi lini, maana jibu hilo ndilo linalochagua kifaa.

Hatua ya 1: Jua unywele unaondolewa kuanzia wapi
Wembe hukata usawa wa ngozi, na baada ya siku moja hadi tatu ukipapasa utahisi visiki vikikwaruza. Krimu ya kuondoa nywele huziyeyusha mpaka chini kidogo ya ngozi, unaongeza siku chache. Nta na kibano hung'oa na shina, ngozi ikabaki laini wiki 3 hadi 6.

Hatua ya 2: Usiogope wembe
Eti unanenepesha nywele! Mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alichunguza ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa, wala hakuona zikizidi unene au kasi. Unywele usiokatwa huchongoka nchani. Ukiukata kinabaki kisiki butu, nacho ndicho kinachokukwaruza kidole.

Hatua ya 3: Kwa nta, subiri
Acha zifike nusu sentimita hivi. Zikiwa fupi mno hukatikia ndani, na nywele za kipilipili zikikatikia ndani hujikunja na kuota kuelekea nyamani. Vile vipele vyeusi vya kwenye kinena vingi chanzo chake ni hicho. Kaza ngozi kwa mkono mmoja, bandua mara moja kinyume na zinakolalia, mkono ukiwa chini sambamba na ngozi. Zikichomoza chache baada ya wiki, usimlaumu aliyekuhudumia: zilikuwa bado chini ya ngozi siku ile.

Hatua ya 4: Ukienda kwenye leza, weka kibano kabatini
Leza ni mwanga mkali unaofuata rangi ya unywele, joto likashuka hadi shinani. Ukizing'oa ndani ya wiki 4 kabla, haina cha kufuata. Kunyoa kwa wembe jana yake ni sawa kabisa. Mvi haizioni. Mwenye ngozi nyeusi aulizie aina ya leza iitwayo Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa mwanga wa nanomita 1064, isije ikamuunguza. Utarudia mara kadhaa, na hata hapo leza hupunguza tu. Inayomaliza ni sindano ya umeme, unywele mmoja mmoja, mvi zikiwemo. Kazi ya subira hiyo.

Hatua ya 5: Angalia kidevu
Mwanamke anayeota ndevu nyingi ghafla, hedhi nayo ikiruka, aanze kwa daktari apime homoni. Zisiporekebishwa, tutang'oa hizi na nyingine zitaota pembeni.