Kutia rangi nyaya za maiki kwa urefu: vipimo, pete na pale mambo yanapoharibika

Nyaya za maiki karibu zote ni nyeusi, na ukishazikunja, wa mita 10 na wa mita 15 wanafanana kama pacha. Kundi la taarabu lenye fidla nne, ganuni, udi, nai, akodiani, besi, dumbaki, waimbaji na waitikiaji linakula chaneli 16 bila kujitahidi, na kazi yenyewe ya kuunganisha mara nyingi huangukia baada ya Isha, wageni wa harusi wameshaanza kuingia. Kijana akivuta waya mpaka miguuni mwa fidla ya mwisho ndipo akaona umepungua mita moja, atarudi kuukunja, atafute mwingine, aanze upya. Rangi inaondoa adha hiyo, lakini kwa sharti kwamba iwe imetiwa kwa kipimo, si kwa kukisia.

Wakati mzuri wa kazi hii ni Ramadhani. Harusi zimekwisha na vunja jungu, ngoma zimesimama, na nyaya zote ziko stoo kwa mwezi mzima.

Pima kwanza

Tafuta baraza ndefu au ukumbi mtupu, chukua futi kamba, piga alama za chaki sakafuni kwenye mita 3, 5, 10, 15 na 20. Kunjua kila waya, unyooshe bila kuuvuta, upime kutoka mkiani mwa kichwa dume mpaka mkiani mwa kichwa jike. Usiamini maandishi ya pakiti wala kumbukumbu ya mtu. Waya unaokatika karibu na kichwa hukatwa sentimita 5 hadi 10 na kuchomewa upya, na waya uliokwenda kwa fundi mara nne tangu ununuliwe hauna tena urefu wake wa dukani.

Chukulia rangi kuwa ni ahadi: urefu haupungui hapa. Ruhusu upungufu wa sentimita 30, basi. Waya wa mita 9.7 ni wa 10. Waya wa mita 9 unashuka daraja na kuwa wa 5, hata kama roho inauma. Njia nyengine ni kuukata upate wa mita 5 na wa mita 3, ukanunua jozi moja ya vichwa. Mara nyingi hiyo ndiyo hesabu nzuri zaidi, kwa sababu nyaya fupi ndizo zinazokosekana jukwaani. Usichofanya ni kuanzisha rangi ya "mita tisa". Ukifika rangi nane hakuna anayezikumbuka, na utarudi kule kule kwenye kukisia.

Mpango wa rangi

Pete ni mzunguko mwembamba wa tepu ya rangi kwenye ncha ya waya. Kwa mitambo ya chaneli 16, seti hii inakidhi kazi nyingi za ukumbini na za uwanjani:

Mita 3: nyeupe, pete 1, nyaya 6
Mita 5: manjano, pete 2, nyaya 10
Mita 10: kijani, pete 3, nyaya 12
Mita 15: buluu, pete 4, nyaya 4
Mita 20: nyekundu, pete 5, nyaya 2

Idadi ya pete si pambo. Taa za jukwaa hudanganya jicho: chini ya taa nyekundu, pete nyekundu na nyeupe hukaribiana mpaka huzijui, na buluu huwa kama nyeusi. Wapo pia wanaume ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, na wengine hawajui mpaka siku unapowapa kazi kama hii. Pete unaweza kuzihesabu chini ya taa yoyote, na umeme ukikatika unazipapasa kwa kidole. Nyaya ndefu zina pete nyingi kwa sababu ni chache, kwa hiyo hazikuongezei kazi.

Mafundi redio watakwambia utumie rangi za rezista, kile kijisehemu cha elektroniki chenye mistari ya rangi, ambamo kahawia ni 1, nyekundu 2, chungwa 3 na kadhalika. Wazo si baya, ila mita 10 inakuwa kahawia na nyeusi, juu ya waya mweusi, gizani. Hapana.

Nyaya za umeme usizitie pete kabisa. Kwenye umeme wetu kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mistari ya manjano ni ardhi. Majumba ya zamani bado yana nyekundu na nyeusi. Fundi umeme akiona pete nyekundu kwenye ekstensheni ana haki ya kuisoma kwa lugha yake. Nyaya za spika nazo zipe alama tofauti, kwa mfano utepe mpana wa zambarau bila pete, hasa zile zenye jeki, kichwa cha msumari mmoja kama cha gitaa. Waya wa gitaa na waya wa spika wenye jeki kwa nje ni kitu kimoja, kwa ndani sivyo: wa gitaa una uzi mwembamba katikati ya wavu, na ukiutumia kupeleka nguvu ya ampu kwenye spika unapata moto, unaweza kuyeyuka na kupiga shoti. Nyaya za DMX, zinazopeleka amri kwenye taa, zenye vichwa vya pini tatu zitenge vilevile. Zinaingia vizuri tu kwenye maiki, na ndiyo maana zinapotea.

Vifaa

Roli moja ya tepu ya umeme kwa kila rangi. Tepu ina upana wa milimita 18 au 19. Ipasue roli katikati kwa wembe, uizungushe taratibu, upate nyembamba mbili za milimita 9 hivi. Waya wa maiki una unene wa milimita 6 au 6.5, kwa hiyo mizunguko miwili na nusu inakula sentimita 5. Kijani, inayotumika kuliko zote, ni pete 72 kwa ncha zote mbili za nyaya 12: mita 3.6 tu. Roli itabaki.

Mpira wa kusinyaa kwa moto, usio na rangi, mita 5. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Mpira wa kawaida hunywea mpaka nusu, na wa kukaza waya wa milimita 6 haupiti juu ya kichwa cha XLR, yaani kile cha pini tatu cha waya wa maiki, ambacho kina milimita 19 au 20. Una njia mbili: kufungua kichwa na kuchomoa risasi, au kununua mpira unaonywea mara nne, wa milimita 24 unaoshuka mpaka 6. Huo wa pili ni ghali zaidi lakini unapita juu ya kichwa bila kukifungua, na kwa nyaya 34 zenye ncha 68 tofauti hiyo ni siku mbili za kazi. Kwa jeki, unaonywea mara tatu wa milimita 18 unatosha.

Zaidi ya hapo ni mkasi, spiriti ya kusafishia, kitambaa, kalamu ya wino usiofutika, na mashine ya hewa ya moto. Drayeri ya nywele mara nyingi haifiki joto linalotakiwa; mpira huanza kusinyaa karibu na nyuzi 90. Kibiriti cha gesi kinafaa ikiwa mkono wako hautulii mahali pamoja.

Kutia pete

Anza na kusafisha. Waya uliofanya kazi ufukweni Paje au Nungwi una chumvi na mchanga laini usiouona, na gundi ya tepu haishiki juu yake. Pitisha kitambaa chenye spiriti kwenye sentimita 20 za kila ncha, uache ukauke kabisa.

Weka pete ya kwanza sentimita 5 kutoka mkiani mwa kichwa. Karibu zaidi ya hapo utashindwa kufungua kichwa siku ya kutengeneza. Zungusha tepu ikiwa imevutwa kidogo tu, na nusu ya mzunguko wa mwisho usiivute hata chembe: tepu iliyovutwa hutaka kurudi, na baada ya wiki ncha yake inainuka kama bendera. Ikate kwa mkasi, usiikate kwa meno wala kwa kuivuta. Kati ya pete na pete acha milimita 3.

Tia alama ncha zote mbili. Hili linaonekana dogo, na ndilo linaloachwa kuliko yote, eti kuokoa tepu. Waya uliokunjwa kisandukuni unaonyesha ncha moja, na huchagui wewe ipi.

Kando ya pete, weka kipande cheupe chenye namba ya waya na jina la mitambo yako: 10-07 ni waya wa saba wa mita 10. Kazi mnayoshirikiana mitambo miwili, jina hilo ndilo litakalosuluhisha ubishi saa nane za usiku. Namba inakujuulisha pia kwamba 10-07 ndio ule ule uliokoroma mwezi uliopita.

Halafu vuta mpira juu ya pete zote na kipande cha namba, uzidi sentimita 1 kila upande. Bila kuhesabu kipande cha namba, pete moja inataka sentimita 3 za mpira, tatu zinataka 5 na nusu, tano zinataka 8. Anza moto katikati, uende nje, ukizungusha waya, ili hewa itoke. Ukianzia nchani inanasa ndani na kuvimba. Mpira ukishashika, ondoa moto mara moja. Ganda la waya wa maiki ni laini, na likiyeyuka wavu wa ndani unagusana na nyuzi.

Wapo wanaoishia kwenye tepu bila mpira. Inakwenda kwa msimu mmoja. Nyaya zinapokaa juani nyuma ya gari ya keri, au kwenye sanduku la bati kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Mkoani, Pemba, gundi inalainika, pete zinateleza na kuungana, na nata yake inakusanya mchanga mpaka mikono yote inanuka tepu.

Kuchagua waya jukwaani

Usipime kwa jicho mstari ulionyooka kutoka boksi la jukwaani, ambamo nyaya zote za maiki huchomekwa, hadi kwa mpigaji. Waya unafuata ukingo. Chukua ganuni inayoonekana iko mita 4 kutoka boksini: mita 3.5 kandokando ya jukwaa, 2 za kuingia ndani, 1.5 za kupanda stendi, na 1 ya akiba chini ya stendi. Jumla ni mita 8. Huyo ni kijani, na mwenye haraka atakuwa ameshaukamata manjano. Mita 2 zinazozidi zikunje miguuni mwa stendi, ili mpigaji akisogea usogee naye, wala usizirundike boksini, ambako zitafunika nyaya za wenzake.

Andika rangi kwenye orodha ya chaneli kabla hujafungua sanduku: 1 fidla kijani, 2 fidla kijani, 3 ganuni kijani, 4 mwimbaji manjano. Mahali ambapo makundi yanapokezana upesi, kama kwenye Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar la mwezi wa Februari, orodha hiyo inamwezesha hata mgeni kukusaidia bila kukuuliza.

Waya ukikoroma katikati ya kazi, ubadilishe na uupige fundo lililolegea nchani. Usiufungie tepu nyekundu. Nyekundu tayari ina maana yake. Kesho upime pini 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3, na ukiukata, upime urefu tena kabla ya kuurudisha kwenye ndoano ya rangi yake.

Kunja pindi moja juu, moja chini, kamwe usizungushie kiwiko. Funga kwa kipande cha kanga kuukuu, si kwa kamba ya usumba, ambayo huacha nyuzi zake ndani ya vichwa. Kabla ya kupakia, hesabu kwa rangi: nyeupe 6, manjano 10, kijani 12, buluu 4, nyekundu 2. Ukipungua mmoja, inua zulia la jukwaa kabla ya kumuuliza mtu.