Kupandisha toleo la maunzi ya mashine pepe bila kupoteza mtandao

Mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine) inapopandishwa toleo la maunzi (seti ya vifaa vya kuigiza inavyopewa), mfumo endeshi uliomo ndani yake huweza kuona kadi ya mtandao kana kwamba ni kifaa kipya, hata kama anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi) haikubadilika.

Kabla ya kuizima mashine, sasisha kwanza draiva na zana za mgeni (programu saidizi zinazowekwa ndani ya mashine pepe), tengeneza nakala rudufu, kisha andika pembeni anwani ya IP, lango la mtandao, seva za DNS (zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP) na anwani ya MAC ya kila kadi. Dakika tano za kuandika ni nafuu kuliko usiku mzima wa kubahatisha. Kumbuka pia kwamba mashine iliyopandishwa haitawaka kwenye seva mwenyeji (kompyuta inayoendesha mashine pepe) yenye programu ya zamani isiyolitambua toleo hilo.

Kwenye Linux, jina la kiolesura (yaani kadi ya mtandao kama mfumo unavyoitambua) mara nyingi hutokana na nafasi ya kadi kwenye basi ya PCI, njia inayounganisha vifaa ndani ya kompyuta. Kwa hiyo kilichoitwa ens33 huweza kuamka kikiitwa ens192, huku faili la mipangilio likiendelea kulitaja jina la zamani. Ingia kupitia konsoli (skrini ya mashine yenyewe), kwa kuwa SSH, njia ya kuingia kupitia mtandao, haitafika; endesha amri ya ip link inayoorodhesha kadi, linganisha MAC, kisha rekebisha jina hilo kwenye faili la mipangilio.

Windows huificha kadi ya zamani pamoja na anwani yake ya kudumu, nayo kadi mpya husubiri DHCP, huduma inayogawa anwani yenyewe. Fungua orodha ya vifaa, onyesha vilivyofichwa, ondoa kadi hiyo iliyofifia, kisha ingiza anwani upya.