Hamira, taa ya urujuanimno na giza: kuona DNA ikikarabatiwa na mutesheni ikizaliwa

Jeraha la DNA si mutesheni, na jaribio hili linavitenganisha viwili hivyo kwenye sahani. Mionzi ya urujuanimno ya nanomita 254 ikipiga DNA, thimini mbili jirani (thimini ni mojawapo ya herufi nne za DNA) kwenye uzi mmoja hushikana kama pacha. Hilo ni jeraha: uzi umepinda, seli inaligundua na inaweza kuliondoa. Mutesheni ni herufi iliyokwisha kubadilika kwenye nyuzi zote mbili. Hapo hakuna kilichopinda, kwa hiyo hakuna fundi atakayeitwa.

Maandalizi

Tumia hamira ya maabara yenye nakala moja tu ya kila kromosomu, kwa mfano BY4741. Hamira ya mkate inafaa kwa kuhesabu vifo tu, kwa sababu ina nakala mbili au zaidi za kila jeni, na nakala nzima huficha iliyoharibika.

Andaa vyakula viwili. Cha kwanza ni YPD. Kwa lita moja weka dondoo la hamira gramu 10, peptoni gramu 20, glukosi gramu 20, na aga gramu 20 kwa sahani. Chemsha kwa presha, nyuzi joto 121, dakika 15. Cha pili ni chakula cha kutengenezwa chenye glukosi, amonia salfeti, vitamini na madini, pamoja na histidini, leusini, methionini na urasili ambavyo BY4741 haiwezi kujitengenezea. Arginini usiweke kabisa. Aga ikipoa hadi nyuzi 55 hivi, ongeza kanavanini iliyochujwa, miligramu 60 kwa lita. Kanavanini ni sumu inayojifanya arginini na huingia kwenye seli kupitia mlango mmoja, protini ya jeni CAN1. Seli ambayo jeni hiyo imeharibika haina mlango, hivyo inaishi.

Hatua ya 1: Kuza na kuosha

Kuza hamira kwenye YPD ya maji usiku kucha, nyuzi 30, ukiitikisa. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga chakula, osha mara mbili kwa maji safi yaliyochemshwa. Usiruke kuosha: YPD hunyonya mionzi na seli zilizo chini hazipati kitu. Hesabu kwa hadubini, kisha punguza hadi seli milioni 10 kwa mililita.

Hatua ya 2: Piga mionzi

Washa taa dakika 15 kabla. Pima nguvu yake pale sahani itakapokaa. Mikrowati 100 kwa sentimita ya mraba ni sawa na jouli 1 kwa mita ya mraba kila sekunde, hivyo sekunde 50 zinatoa jouli 50. Mimina mililita 10 kwenye sahani ya petri, ondoa kifuniko (plastiki na kioo cha kawaida huzuia nanomita 254), tikisa polepole unapopiga. Vaa kinga ya uso na glavu. Macho yaliyoungua huanza kuuma saa kadhaa baadaye, ukiwa umekwisha kusahau.

Kuanzia hapa zima taa za chumba, bakiza nyekundu hafifu. Wanaopuuza hili hukarabati seli zao bila kujua, halafu hushangaa kwa nini sahani zao zote zinafanana.

Hatua ya 3: Gawa, nusu gizani, nusu kwenye mwanga

Nusu moja funga kwa foili. Nyingine iweke chini ya mirija ya florosenti, sentimita 15, kwa saa moja, katika joto lile lile. Gawa vivyo hivyo sampuli ambayo haikupigwa mionzi. Kimeng'enya kinachoitwa fotolaizi hushika pacha la thimini na kutumia mwanga kulitengua bila kukata uzi. Kile cha hamira hupenda mwanga wa karibu nanomita 377, na taa nyingi nyeupe za LED hazitoi mawimbi hayo.

Hatua ya 4: Panda

Kwa kuhesabu walio hai, punguza mara 10,000 na upande mililita 0.2 kwenye YPD, yaani seli 200. Panda pia ya kupunguzwa mara 1,000, endapo vifo ni vingi. Kwa mutesheni, panda mililita 0.2 bila kupunguza, seli milioni 2, kwenye kanavanini. Weka gizani, nyuzi 30: YPD siku 2 hadi 3, kanavanini siku 4.

Hatua ya 5: Hesabu

Hapa ndipo wengi hukosea. Gawanya makoloni (vishada vinavyoota, kila kimoja kutokana na seli moja) ya kanavanini kwa seli zilizobaki hai, si kwa zilizopandwa. Tuseme giza limeacha hai asilimia 30 na makoloni 60: hayo ni 60 kwa seli 600,000, sawa na 100 kwa milioni. Mwanga umeacha asilimia 80 na makoloni 32, yaani 20 kwa milioni. Kwa macho tofauti ni kama mara mbili, kumbe ni mara tano.

Kwa nini mwanga unapunguza mutesheni? Kwa sababu mapacha yaliyotenguliwa hayafiki kwenye kunakiliwa. Gizani seli hutegemea kukata kipande cha uzi, takriban herufi 25 hadi 30, na kukijaza upya kwa kufuata uzi wa pili. Pacha likibaki hadi wakati wa kunakili, mashine ya kawaida hukwama, na vimeng'enya vya akiba huvuka. Kimoja, Rad30, huweka adenini mbili (herufi inayolingana na thimini) mbele ya thimini, na mara nyingi hupatia. Kingine, chenye sehemu ya Rev3, huendelea hata pale herufi zisipolingana, na mutesheni nyingi za jaribio hili hupitia kwake. Mwanga haurudishi kila kitu, kwani aina ya pili ya jeraha, iitwayo 6-4, fotolaizi hii haiigusi. Binadamu hatuna fotolaizi kabisa. Ngozi yetu hutegemea kukata na kujaza, na wanaozaliwa na hitilafu katika kazi hiyo, wenye ugonjwa wa xeroderma pigmentosum, hupata saratani ya ngozi mapema.

Ukipata aina ya hamira isiyo na jeni RAD1, ambayo haiwezi kukata, rudia kwa jouli 2 hadi 5 tu. Kwa jouli 50 sahani ya giza itakuwa tupu na hutakuwa na cha kugawanya.