Kutoka Ubaoni hadi Usanifu wa Mafunzo
Mwalimu aliyeacha darasa hapa Dodoma haanzi mikono mitupu, kwa kuwa andalio la somo alilozoea kuliandika tayari ni nusu ya usanifu wa mafunzo, yaani kazi ya kupanga na kutengeneza mafunzo. Chagua somo moja dogo, kwa mfano kuwafundisha wakulima wapya wa Hombolo kupogoa mizabibu. Kabla ya kufungua kompyuta, nenda shambani ukamtazame mkulima mzoefu akishika mkasi, kisha uandike lengo linalopimika: si “kuelewa upogoaji”, bali “kupogoa mzabibu mmoja na kubakiza macho mawili (sehemu za kuchipulia) kwa kila tawi”. Tunga jaribio kwanza na maelezo baadaye. Walimu wengi, nami nikiwamo, tumezoea kinyume chake. Wajaribishie wakulima watatu somo hilo, ukae kimya, na urekebishe pale wanapokwama.