Jinsi ya kuomba hati ya kimila ya pamoja kwa ajili ya pori la jamii

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000 za pori wanalowinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Hati hiyo haikuandikwa kwa jina la mtu wala familia, ni ya jamii nzima. Njia hiyo hiyo imefuatwa na vijiji vya wafugaji vya Simanjiro, Longido na kwingineko, na Edward Loure, Mmaasai wa Simanjiro aliyeisimamia kazi hiyo kupitia shirika la Ujamaa Community Resource Team, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016.

Ninaandika kwa ajili ya jamii za Tanzania Bara ambazo maisha yao ni pori: wawindaji, warina asali, wafugaji, na yeyote anayewasaidia kuandaa makaratasi. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo haya hayaihusu.

Kwa nini mhangaikie karatasi wakati mababu waliishi bila hiyo? Kwa sababu Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, yaani ile isiyo chini ya usimamizi wa kijiji, inajumlisha hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Mhadzabe hajengi nyumba ya bati wala hafyeki shamba. Mgeni akipita na gari anaona vichaka na mibuyu, anaandika kwamba eneo ni tupu. Kuanzia hapo anaingia mkulima, halafu mwekezaji. Kwa hiyo kila hatua ya maombi ina kazi moja kubwa: kuonyesha kwa maandishi kwamba pori hilo linatumika, na nani analitumia.

Kabla ya yote, hakikisheni njia hii ni yenu

Nendeni kwa Mtendaji wa Kijiji muulize mambo mawili. La kwanza, je, pori lipo ndani ya ardhi ya kijiji? Kama liko ndani ya hifadhi ya taifa, pori la akiba au msitu wa hifadhi wa serikali, kijiji hakina mamlaka ya kuwapa hati. Hapo mazungumzo yenu ni na mamlaka inayosimamia hifadhi hiyo. La pili, je, kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa? Cheti hutolewa na Kamishna wa Ardhi, na ndicho kinachoonyesha mipaka ya kijiji na vijiji jirani. Mpango wa matumizi hutungwa chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, na ndani yake ndimo pori lenu linapaswa kusomeka kama eneo la uwindaji, malisho au uhifadhi. Kama mpango haupo, anzeni nao. Iombeni halmashauri ya wilaya ilete timu yake ya upangaji, na hakikisheni watu wenu wamo kwenye kamati ya kijiji ya matumizi ya ardhi. Mpango uliotungwa bila ninyi unaweza kuliita pori lenu eneo la kilimo cha baadaye, na kuubadilisha ni kazi ngumu kuliko kuutunga.

Neno moja kuhusu jina mtakalotumia. Sheria za Tanzania hazina kundi linaloitwa watu wa asili, na msimamo wa serikali kwa miaka mingi umekuwa kwamba Watanzania wote ni wenyeji. Barua inayojenga hoja yake juu ya neno hilo itarudishwa, au itazua mabishano yasiyo na faida kwenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu mwombaji awe mtu mmoja, familia, au kundi la watu linalotambuliwa kwa mila. Jiandikeni kama kundi linalotambuliwa kwa mila. Hamjikani, mnatumia mlango ambao sheria imeuacha wazi.

Kubalianeni wenyewe kwanza

Kaeni kikao cha jamii peke yenu kabla ya kwenda kwenye halmashauri ya kijiji. Amueni nani ni mwanakikundi, nani atasaini kwa niaba ya wote, na wanaosaini wakifariki au wakihama watabadilishwa vipi. Fomu ya kundi la kimila inahitaji angalau watu wawili wanaotambuliwa kama viongozi au wazee wa kundi hilo. Kwa jamii kama Wahadzabe, ambao hawana machifu, jambo hili linahitaji subira: msimchague mtu kwa sababu tu anajua kusoma. Andikeni makubaliano yenu kwa Kiswahili, yasomwe kwa lugha ya nyumbani, wote wayasikie.

Wanawake wawemo tangu siku hiyo. Sheria inafuta mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, lakini kwenye pori kuna sababu nyingine tena: wao ndio wachimbaji wa mizizi, na mara nyingi wanajua pembe za eneo ambazo wanaume hawafiki.

Tembeeni mipaka

Hatua hii ndiyo inayoamua mengi, na ndiyo watu wengi huifanya kwa haraka. Msiiachie timu ya wilaya na kifaa chake cha GPS peke yake. Nendeni wazee, wanawake, vijana, na wawakilishi wa vijiji jirani, kwa miguu, wakati wa kiangazi nyasi zikiwa fupi.

Njiani, kila alama ya matumizi ipimwe na kuandikwa. Chukueni mfano wa mbuyu. Wahadzabe wanapotaka asali iliyo juu, hupigilia vigingi vya mti kwenye shina laini la mbuyu, kimoja juu ya kingine, wakapanda navyo kama ngazi. Mbuyu wenye vigingi vya zamani vilivyozeeka na vipya juu yake ni ushahidi kwamba watu wamekuwa wakiurudia. Pigeni picha, chukueni nukta yake kwa GPS, andikeni jina la mahali kama linavyotamkwa na wenyeji. Fanyeni hivyo hivyo kwa chemchemi, mapango ya kulala, makambi ya zamani, makaburi na maeneo ya matambiko, isipokuwa yale ambayo mila inakataza kuonyeshwa. Hayo yafunikeni ndani ya eneo kubwa bila kuyataja.

Jirani akipinga mpaka, msibishane porini. Andikeni pingamizi lake, mkae nalo mezani. Wadatoga wanaochunga mifugo Yaeda na Wairaqw wanaolima pembeni nao wana haja zao, na mpaka uliokubaliwa na jirani ni imara kuliko ule aliolazimishwa. Mnaweza kukubaliana, kwa mfano, kwamba mifugo iingie sehemu fulani kwa msimu fulani tu, na makubaliano hayo yakaandikwa.

Pori likivuka mpaka wa vijiji viwili, kila kijiji kitatoa hati ya upande wake. Ombeni pia vijiji vitunge mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi, ili sheria za upande mmoja zisivunjwe upande wa pili.

Uhakiki rasmi wa mipaka na haki za watumiaji hufanywa na kamati ya uhakiki inayochaguliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ina wajumbe wasiozidi tisa, na wanawake wasipungue wanne. Angalieni idadi hiyo mapema, maana kamati iliyoundwa vibaya inampa mpinzani sababu ya kufungua kesi miaka mingi baadaye.

Mkutano Mkuu wa Kijiji

Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini tu. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Hapa ndipo jamii ndogo hushindwa. Mkutano ukiitishwa masika, wakati makambi yametawanyika, watakaopiga kura ni wengine. Ombeni tarehe ya kiangazi, watu wakiwa wamekusanyika karibu na maji, na ombeni kwa barua yenye nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Siku ya mkutano, mwekeni mtu wenu wa kufuatilia muhtasari unavyoandikwa. Muhtasari mzuri una tarehe na mahali, idadi ya wanawake na wanaume, ajenda, hoja zilizotolewa pamoja na za waliopinga, matokeo ya kura, na azimio lenye ukubwa na mipaka ya eneo. Nyuma yake iambatane orodha ya mahudhurio yenye saini au dole gumba la kila mtu. Muhtasari unaosema tu kwamba wajumbe waliafiki hautawasaidia lolote. Msiondoke bila nakala yenye mhuri.

Fomu na muda

Fomu ya maombi ni ile iliyowekwa na Kanuni za Ardhi za Vijiji za 2001, na inapatikana kwa Mtendaji au ofisi ya ardhi ya wilaya. Jazeni, ambatisheni makubaliano ya kikundi, ramani, orodha ya matumizi na muhtasari wa Mkutano Mkuu. Malipo yoyote mtakayoambiwa, dai stakabadhi ya serikali.

Halmashauri ya kijiji inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 90 tangu ipokee maombi, au tangu ipokee maelezo ya ziada iliyoyaomba. Wakikubali, mtapewa barua ya toleo yenye masharti, nanyi mna siku 90 za kujibu kwa maandishi. Someni masharti yote. Sharti la kuendeleza ardhi kwa kilimo au majengo lisiachwe lipite kwenye pori, ombeni liandikwe matumizi halisi: uwindaji wa jadi unaofuata sheria ya wanyamapori, urinaji asali, malisho, uhifadhi.

Hati yenyewe husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, wawakilishi wenu wanatia saini au dole gumba chini ya kila ukurasa, kisha Afisa Ardhi wa Wilaya anasaini, anagonga lakiri na kuisajili. Kwa raia inaweza kuwa ya muda usio na kikomo, na kwa sheria ina hadhi sawa na hati inayotolewa mjini.

Maombi yakikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Mgogoro huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi, na Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu. Hukumu hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Baada ya hati

Tungeni sheria ndogo mara moja: nani anaingia, nini kinakatwa, faini ni kiasi gani na inakwenda wapi. Zipitishwe na Mkutano Mkuu na halmashauri ya wilaya, la sivyo walinzi wenu hawatakuwa na nguvu ya kumkamata mchoma mkaa. Kama kijiji kizima kinataka kuvuna na kusimamia miti, upo pia msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, njia ambayo vijiji vya msitu wa Duru-Haitemba kule Babati na vya msitu wa SULEDO kule Kiteto viliionyesha.

Wanunuzi wa kaboni watakuja, yaani wanaolipa jamii ili itunze miti inayohifadhi hewa ya ukaa. Wahadzabe wa Domanga na Mongo wa Mono wanapata fedha kwa njia hiyo, na mwaka 2019 walishinda Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa pamoja na Carbon Tanzania, kampuni inayouza kaboni hiyo. Ila wao walikuwa na hati mkononi kwanza. Msisaini mkataba wa kaboni kabla ya hati, na mkisaini, mkutano wa jamii nzima uusome, mkizingatia kanuni za biashara ya kaboni za 2022.

Rais bado ana uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Hati haiondoi uwezo huo, lakini inawapa haki ya kupewa taarifa, kusikilizwa, na kulipwa fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kwa hiyo nakala moja ikae masjala ya kijiji, moja wilayani, moja kwa kikundi, na ya nne mahali mbali na hapo, pamoja na ramani na ule muhtasari wa mkutano.